Yule mbwa wa banda la saba: barua kwa mpwa wangu

Mpwa wangu,

Picha ya mbwa unayetaka kumchukua kutoka kituo cha mbwa waliookotwa nimeiona. Mbwa jike, kahawia iliyopauka, vidole vyeupe, sikio moja limesimama na jingine limelala. Kajikunja kwenye pembe ya nyuma ya banda, mkia kaufumbata chini ya tumbo, na kando ya jicho umejitokeza weupe mwembamba kama mwezi mwandamo. Chini yake umeandika: "Huyu ndiye. Wenzake wote wanabweka, yeye ni mpole, katulia tuli."

Huyo hajatulia. Ameingiwa na hofu mpaka ameishiwa la kufanya. Mkia uliofumbatwa, kulamba midomo ilhali hakuna chakula, kupiga miayo ilhali hana usingizi, kugeuza uso huku jicho likikuchungulia kwa pembeni: hayo ni maneno ya mbwa anayeomba asisogelewe. Na yule wa banda la jirani aliyekuwa akirukia wavu na kukubwekea, ukimtoa uwanjani huenda akawa kondoo. Kelele za mabanda ya zege na mabati huwachanganya mbwa. Wengine hubweka mpaka wakauka koo, wengine hunyamaza. Kwa hiyo usichague kwa sauti.

Sisemi umwache. Nasema umjue kabla ya kumpakia garini. Rudi pale kituoni mara mbili zaidi, moja asubuhi wakati wa chakula, nyingine alasiri wageni wakiwa wachache. Kaa chini nje ya wavu, mpe ubavu badala ya uso, usimkodolee macho, na udondoshe vipande vya maini yaliyochemshwa, kila kimoja kiasi cha punje ya maharagwe. Mpe dakika kumi. Akisogea, hata kama ananyakua kipande na kurudi kinyumenyume, una mbwa wa kuanza naye. Asipogusa maini kabisa siku zote mbili, hofu yake ni kubwa, na nyumba yenye watoto wawili wadogo si mahali pake pa kwanza. Mwambie mhudumu hivyo bila kuona haya. Halafu omba atolewe hadi kwenye nyasi. Akiwa ananusanusa, dondosha funguo hatua tano hivi kutoka alipo. Kila mbwa atashtuka. Tazama kinachofuata: anayerudi kunusa nyasi baada ya sekunde chache ana moyo unaojirudi wenyewe, anayebaki amelala chini akitetemeka atahitaji miezi.

Wamekuambia ana "kama miezi mitano". Mbwa wa kuokotwa hana cheti cha kuzaliwa, ila ana meno. Mwombe mhudumu amfunue mdomo wa juu. Chonge za maziwa ni nyembamba na kali kama sindano ya cherehani. Za ukubwani ni nene, na huchipuka ubavuni mwa zile za zamani kati ya mwezi wa tano na wa sita. Ukikuta chonge mbili zimesimama sambamba, kuukuu na mpya, wamesema kweli. Ukikuta meno yote 42 yamekamilika, amekaribia miezi saba au ameshaipita. Umri huo una maana kwako. Ule muda ambao mbwa huzoea mambo mapya kwa wepesi, tangu wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne, umeshapita, na huyu aliumaliza jalalani. Watoto, ngazi, bodaboda, mwamvuli unaofunguka ghafla, kila kimoja atafundishwa polepole, kwa mbali kwanza. Tena joto lake la kwanza li karibu, maana mbwa jike wengi huanza kati ya miezi sita na mwaka. Kwa wiki tatu hivi madume wa mtaa mzima watapiga kambi getini kwako, na mimba ya mbwa ni siku 63 tu. Asitoke pale kabla ya kufungwa kizazi, au angalau mkubaliane tarehe kwa maandishi. Akishapasuliwa, siku 10 hadi 14 asioge, asirukeruke, asilambe mshono. Ile koni ya plastiki ya shingoni ataichukia. Usimwonee huruma ukamvua usiku. Usiku mmoja unatosha kufumua nyuzi zote.

Soma kadi ya chanjo mwenyewe, usiridhike na "amechanjwa". Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka mtoto avuke wiki 16, kwa sababu kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama yake huifanya chanjo ya mapema isishike, na hakuna ajuaye kinga hiyo itaisha siku gani. Sindano moja ya utotoni, basi, haitoshi. Ya kichaa cha mbwa hudungwa kuanzia miezi mitatu na hurudiwa baada ya mwaka. Ukisahau, kampeni za chanjo huwa nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Minyoo: dawa kila mwezi mpaka afikishe miezi sita, kisha kila miezi mitatu. Ukiona vipunje kama vya wali chini ya mkia, hao ni tegu, na tegu hao huletwa na viroboto, kwa hiyo kumpa dawa ya minyoo ukaacha viroboto ni kuteka maji kwa kikapu.

Jambo moja la kusema kweli kituoni hata wasipokuuliza: kama kuna mtoto wa mbwa aliyekufa kwa kuhara damu kwenye hiyo ploti ndani ya mwaka mmoja uliopita, waambie. Virusi vya parvo hukaa udongoni miezi mingi, na sabuni haviijali. Sakafu ya saruji isuguliwe kwanza, kisha imwagiwe Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, sehemu moja kwa maji sehemu 30, iachwe dakika kumi. Udongo hausafishiki, zuia tu asikanyage hapo mpaka chanjo zikamilike.

Na mwenye nyumba akupe ruhusa kwa maandishi. Ya mdomo huisha siku jirani wa kwanza akilalamika.

Sasa siku ya kumchukua. Wiki hiyo mapema, peleka kitambaa ulicholalia wewe na watoto, kiachwe bandani mwake. Siku ya safari urudi nacho kikiwa na harufu yake na yenu pamoja. Asile kwa saa nne kabla ya kuondoka, maana wengi hutapika garini. Matatu isahau, kondakta atakukatalia na atakuwa na haki. Kuhusu kola: mbwa wetu wa kienyeji kichwa chake ni chembamba, karibu kilingane na shingo. Kola inayopitisha vidole viwili inaonekana sawa akiwa amesimama, ila akirudi kinyumenyume kwa hofu inampita masikioni kama bangili, na barabara kubwa haiko mbali. Mvishe kola na mkanda wa kifuani, kila kimoja na kamba yake, na mikono isiyoshika kamba isifungue mlango wa gari. Getini, pima nafasi ya chini: panapopita kichwa chake, mwili wote utapita. Wengi wanaopotea hupotea wiki ya kwanza, kabla hawajajua kwamba hapo ni kwao.

Usimtembeze kwa majirani. Usimwogeshe siku hiyo, hata kama ananuka. Mpe chumba kimoja au pembe moja yenye kile kitambaa, maji, na boksi la kujifichia, umwache aje mwenyewe. Watoto waambiwe sheria moja tu: akiwa ndani ya boksi hayupo. Usiku wa kwanza atalia au hatatoa sauti hata kidogo. Lala karibu naye, huo si udekezaji. Usiku wa nne au wa tano sogeza godoro lako mbali kidogo.

Kuhusu haja, saa anazoweza kuvumilia ni karibu sawa na miezi yake, ila wiki za mwanzo mtoe kila baada ya saa mbili, na ndani ya robo saa baada ya kula. Akikosea ndani, pangusa kwa siki na maji. Usisafishe kwa kitu chenye amonia, kwake kinanuka kama mkojo na atarudi hapo hapo. Kumsugua pua kwenye uchafu wake kunamfundisha kitu kimoja, kujificha nyuma ya kochi akibanwa.

Chakula ndipo watu wanapoharibu kwa nia njema. Unamwona mbavu zinahesabika, unamjazia sufuria, kesho anahara, na wewe hujui kama ni parvo au ni mapenzi yako. Siku tatu za kwanza mpe kilekile alichokuwa akila kituoni, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Kisha badilisha robo kwa robo kila baada ya siku mbili. Mpime: simama kwenye mizani umembeba, kisha peke yako, utoe. Akiwa kilo kumi, gramu 220 hivi za chakula kikavu cha watoto wa mbwa zinamtosha kwa siku, kwa milo mitatu. Ukitaka kubana matumizi, nusu iwe hicho, na nusu itoke jikoni: ugali kiasi cha ngumi, gramu 100 za matumbo yaliyochemshwa, konzi ya omena waliooshwa mchanga na kuchemshwa bila chumvi, na sukuma kidogo. Omena wazima na mifupa yao ndio wanaoleta kalisi. Ugali mtupu humpinda miguu mbwa anayekua, na nyama tupu vilevile, ingawa watu hawaamini. Mifupa yake hulegea mpaka huvunjika kwa kuruka kochi tu. Mchuzi wenye vitunguu usimpe, wala zabibu, makadamia au chokoleti. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Na yale maini au mapafu mabichi ya bure kutoka buchani yachemshe kwanza: ndiyo njia ya ile tegu ndogo inayowaotesha watu mifuko ya maji kwenye ini, ugonjwa ambao Turkana wanaujua vizuri mno.

Kila Jumapili mshike ufizi. Bonyeza kwa kidole mpaka peupe, achia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi uliopauka ni safura ya mbwa, yaani minyoo inayonyonya damu, au ni homa ya kupe, na zote mbili huua kimyakimya. Kupe wa kahawia wa mbwa hupanda ukuta na kutaga kwenye nyufa, hivyo dawa ya mgongoni peke yake haimalizi kazi. Ziba nyufa na upulize banda pia. Usimruhusu mtu akuletee dawa ya josho la ng'ombe aliyoikadiria kwa kifuniko cha chupa. Ikizidi, mbwa hudondosha mate, huyumba, na anaweza kufa.

Jirani yako wa mlango wa pili ni Mwislamu, na Waislamu wengi wa pwani yetu ni Washafi, wafuasi wa madhehebu ya Shafi: akilambwa na mbwa, anaosha mahali hapo mara saba, moja kwa udongo. Basi mbwa asipite koridoni wakati wa kwenda msikitini bila kamba fupi. Mwambie jirani hivyo kabla mbwa hajaja, kwa heshima, na ujirani wenu utabaki. Mtoto yeyote akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, huyu au mwingine: maji na sabuni dakika 15 kamili kwa saa ya ukutani, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Bado kuna kile kimya chake. Karibu wiki ya tatu, pengine ya nne, usiku mmoja mtu atapita nje na mbwa wako atabweka. Utanipigia kusema ameharibika, yule mpole wa banda la saba hayupo. Mumeo atataka kutundika kibao cha "Mbwa Kali", chenye lile kosa la sarufi ambalo mageti yote ya Kenya yamelikubali. Acha kibao. Usimkemee. Toka, simama kando yake, utazame ni nani aliye getini, umwambie kwa sauti ya chini kwamba umemwona, kisha mrudi ndani pamoja.