Kwenu Vijana wa Kantri: Msiuze Wimbo kwa Sababu ya Nauli

Wanangu mnaotunga nyimbo za kantri, ule muziki wa Kimarekani, Nakuru, Nyahururu, Eldoret na kwingineko, salamu.

Nilitaka kunyamaza, lakini niliyoyaona studioni mwezi jana yamenikaa kooni. Kijana mmoja, mtunzi hodari, aliwekewa karatasi juu ya spika, akaambiwa atie sahihi hapo chini. Akatia bila kusoma hata mstari mmoja. Maneno na mahadhi, vyote vikaenda kwa shilingi 8,000. Ujumbe wa M-Pesa ulipoingia, alikuwa hajamaliza hata kufunga mfuko wa gitaa, naye akatabasamu! Niliomba niione ile karatasi. Ilisema "haki zote, milele".

Mtasema mzee huyu hajui njaa. Willie Nelson, yule nguli wa kantri wa Marekani, je? Kabla hajajulikana, ana mke na watoto na mfuko mtupu, aliuza wimbo wake Family Bible kwa dola 50. Mwaka 1960 mwimbaji Claude Gray akavuma nao, na kwenye majina ya watunzi Nelson hakuwemo. Nelson alipofika Nashville, mji mkuu wa muziki wa kantri, nusura arudie yale yale: alitaka kumuuzia mwimbaji Faron Young wimbo mwingine, Hello Walls, kwa dola 500. Young akakataa kununua. Alimkopesha hizo dola 500 na kumwambia wimbo abaki nao. Mwaka 1961 Young akauimba, ukashika nafasi ya kwanza kwenye chati za kantri, na mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kila wimbo wake unapotumika, ikamwendea Nelson aliyetunga.

Sasa nauliza, Faron Young wa kwetu yuko wapi? Hapa mwenye studio akishaona huna nauli, ndipo anapotoa karatasi. Na sisi wazee tunakaa kwenye nyama choma tukilalamika kwamba vijana hawana subira, ilhali hata mia tano hatuwakopeshi.

Mtazameni pia Dolly Parton, mwimbaji na mtunzi wa kantri. Wimbo wake I Will Always Love You aliutoa mwaka 1974, na Elvis Presley akataka kuurekodi. Meneja wa Elvis akasema sharti wapewe nusu ya haki za uchapishaji, yaani umiliki wa wimbo na mapato yake. Elvis, jamani! Nani kati yenu angekataa? Dolly alilia usiku kucha, lakini alikataa. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba, ukakaa wiki 14 namba moja Marekani, na haki zilikuwa bado mkononi mwa Dolly.

Kwa hiyo mkitunga wawili au watatu, andikeni siku hiyo hiyo nani ana asilimia ngapi, kabla hamjaachana kituoni. Sajilini kazi KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Mkiletewa mkataba, ombeni mwende nao nyumbani mkausome; anayekataa msiusome amekwisha kuwaambia kilichomo. Sheria yetu inaulinda wimbo maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Ukipokea zile 8,000 umeuza pamoja na chakula cha wajukuu ambao hawajazaliwa.

Mengine mnayajua. Pombe iacheni: mwimbaji Hank Williams alifia kiti cha nyuma cha gari, 1 Januari 1953, akiwa na miaka 29. Kazi ya mikono msiidharau: mtunzi Kris Kristofferson, msomi wa Oxford na rubani wa helikopta za jeshi, alifagia studio ya Columbia kule Nashville. Texas mnayoiimba hamjafika, na hapa Laikipia kuna ng'ombe wa kuimbwa. Lipeni madeni.

Nawafokea kwa sababu nawapenda, na nyimbo zenu nzuri zinanitoa machozi.

Nanyi watangazaji, msidhani nimewasahau. Walevi na walokole wa nchi hii wanaujua wimbo The Gambler kwa moyo, na wote husema ni wa Kenny Rogers. Aliyeutunga ni Don Schlitz, kijana aliyekuwa akifanya zamu za usiku kwenye kompyuta za Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na ulikataliwa huku na huku kabla Rogers hajaurekodi mwaka 1978. Ikiwa huyo hatajwi, wa Nyahururu atatajwa na nani? Jumapili hii anzeni na jina la mtunzi, kisha mwimbaji. Na wenye baa, leseni ya pombe mnalipa bila kunung'unika. Lipeni na ya muziki.

Mimi mzee wenu,
Nakuru