Wanafunzi wafundishwe kusaka uharibifu wa kumbukumbu ya kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombe wanaosimamia masomo ya kompyuta vyuoni walipe uzito jambo ambalo mitaala mingi hulipitia juu juu, yaani namna ya kusaka kasoro zinazotokea pale programu iliyoandikwa kwa lugha ya C au C++ inapoandika nje ya sehemu ya kumbukumbu iliyotengewa, au inapoendelea kuitumia sehemu ambayo ilikwisha kuirudisha.

Ugumu wake ni kwamba programu huharibu baiti chache zisizo zake, ikaendelea na kazi kana kwamba hakuna kitu, kisha ikaanguka baadaye kwenye mstari usio na kosa lolote. Mwanafunzi aliyezoea kuchapisha thamani kwenye skrini atauchunguza mstari huo hadi achoke. Na pengine amri aliyoiongeza hubadilisha mpangilio wa kumbukumbu, kasoro ikajificha, naye akadhani ameimaliza.

Vyombo vya kusaidia vipo, tena ni vya bure. Valgrind, iliyotolewa mwaka 2002, hukagua kumbukumbu kila inapoguswa, ingawa huichelewesha programu mno. AddressSanitizer imo ndani ya kompaila (programu zinazogeuza maandishi ya C kuwa lugha ya mashine) za GCC na Clang, na programu huchukua takriban mara mbili tu ya muda wake wa kawaida. Hiyo huzungushia kila kipande cha kumbukumbu ukanda usioruhusiwa kuguswa, na programu inapougusa husimamishwa papo hapo, huku ripoti ikitaja mstari uliovuka mpaka na ule ulioiomba kumbukumbu hiyo. Hata hivyo, hukamata tu kosa lililotendeka wakati programu inakimbia, kwa hiyo majaribio yahusishe pia maandishi marefu kupita kiasi na mafaili yaliyoharibika.

Kasoro hizi si ngeni. Mnamo Novemba 1988 programu ya kujinakili ya Robert Morris, mwanafunzi Mmarekani, ilisambaa kwenye intaneti ikitumia, pamoja na mianya mingine, amri ya gets, ambayo haipimi urefu wa maandishi inayoyapokea. Kanuni rasmi za C ziliiondoa mwaka 2011, lakini (kwa mshangao wangu) bado naikuta katika mazoezi ya wanafunzi.

Wapo wanaosema dawa ni kuhamia Rust, lugha ya programu ambayo yenyewe huzuia makosa mengi ya aina hii. Siwapingi, ila programu zilizokwisha kuandikwa kwa C ni nyingi mno na zitahitaji mafundi kwa miaka mingi. Napendekeza zoezi lolote la C lisisahihishwe kabla halijapita ukaguzi wa AddressSanitizer, na mwanafunzi aambatishe ripoti yake.

Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro