Mwanangu, lile shimo la bwawa lizibwe kabla ya tailsi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika na ile sauti uliyonitumia nimeisikiza mara tatu, mara ya mwisho nikamsikizisha na shangazi yako. Wasema mama achana nayo, ni vitu vidogo, fundi amalize tuje Disemba watoto waogelee. Haya. Vingine ni vidogo kweli, mi sibishani nawe. Lakini lile shimo la ukuta wa bwawa upande wa kina kirefu, baba, lile lanikosesha usingizi.

Hivo vidogo tuvimalize kwanza. Jiwe la Galana lililomeguka pale kwenye ngazi liache, litasuguliwa. Skima, ule mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu kwenda kwenye pampu, nshamfanya fundi aishushe kabla simenti haijashika, maana ingebaki juu vile maji yangekuwa chini ya mdomo wake na pampu ivute hewa. Tailsi za mstari wa maji upande wa mwembe zimepanda kama sentimita moja, nimepima mwenyewe na mpira wa maji, fundi akanitizama kama nimerukwa na akili. Bwawa likijaa, maji yatakaa sawa na zile tailsi zitaonekana zimekwenda upande, kila siku utaziona. Mimi ningezibandua, ni mita nne tu, ila nyumba ni yako.

Sasa lile shimo. Siku ya kumwaga zege mvua ilikuwa yatishia, wakaharakisha, hawakulitikisa vizuri, na pale karibu na bomba la kurudishia maji pamebaki vitundu vitundu kama sega la nyuki. Nimetia kidole kikafika kwenye chuma. Na chuma kishashika kutu, kuna mchirizi wa rangi ya chai umeteremka ukutani. Fundi asema plasta itaziba, juu yake waja tailsi, nani ataona. Hilo la nani ataona ndo lanitia hofu. Chuma kikila kutu hufura, kikifura chapasua zege kutoka ndani, na sisi hapa Mtwapa hata upepo una chumvi, na hayo maji ya kisima utakayojazia yana munyu. Bwawa lako ni mita 10 kwa 5, likishuka sentimita 1 tu kwa kuvuja ni lita 500 zishakwenda, na zaenda kwenye msingi wa nyumba yako hizo. Utaita bauza la maji mara ngapi?

Ya dari la jikoni, ule ufa wa bafuni uliopakwa rangi ukalivujia, wayajua, siyarudii. Ila babako, Mungu amrehemu, hakusema ule ufa wa bafuni upakwe rangi juu. Kama ndo uliambiwa hivo sivyo. Yeye alitaka tuvunje, kulikuwa na harusi ya dadako na wageni wako njiani, mtu akasema upakwe tu. Basi.

Nimemleta fundi mzee wa Kisauni akapaangalia. Asema pagongwe mpaka lifikiwe zege zima, chuma kisuguliwe na brashi ya waya mpaka king'are, pajazwe simenti ya kurekebishia ile isiyosinyaa, pamwagiwe maji pasikauke haraka. Halafu kabla tailsi zaidi kuwekwa bwawa lijazwe, tupige alama ya penseli, na ndoo ya maji iwekwe kwenye ngazi ndani ya bwawa hilo hilo, jua litapunguza vyote viwili, lakini bwawa likishuka kuliko ndoo basi lavuja. Wiki moja tu mwanangu. Wewe tangu mdogo kungoja huwezi, na ndo maana watu hukulia pesa.

Na ile bakaa ya pesa usimtumie fundi wa bwawa! Akikupigia mwambie mama ndo mwenye neno. Juzi msikitini nimewaambia kina mama nyumba hii hukukopa hata shilingi, wote wakanyamaza. Sitaki waje kuona ukuta umepasuka.

Ua wa kuzunguka bwawa nshaagiza kwa fundi wa vyuma, sikukuuliza kwa sababu ungesema baadaye, na mwanao wa mwisho ana miaka mitatu na hasikii la mtu. Mlango wake utajifunga wenyewe, komeo juu.

Mkeo anitumie vipimo vya madirisha ya juu nishone mapazia, vile alivyonitumia kwanza ni vya futi au mita, sikuelewa. Friji ile kubwa yatoa sauti usiku, nimeizima nyama nimepeleka kwa jirani. Mwembe umezaa sana lakini majani yote yataanguka bwawani, tutaukata tawi moja, lile la upande wa ukuta, si lile la bembea.

Nipigie kabla ya Jumatatu saa mbili asubuhi, ndo fundi aja na plasta. Usipopiga ntakaa pale kwenye shimo na kiti changu.

Mamako