Kiingereza cha KCSE kitahiniwe kwa masikio pia

Mhariri,

Nafundisha Kiingereza katika shule ya upili ya kutwa hapa Kaloleni, Kaunti ya Kilifi. Muhula huu, tukiwa tunawaandaa watahiniwa kwa mtihani wa mwigo, nimeona niandike kuhusu jambo ambalo wazazi wengi hawalijui na ambalo sisi walimu tumelizoea kupita kiasi. Karatasi ya Kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, ina alama 60. Alama 20 ni za uandishi wa kiuamilifu, yaani barua, ripoti na kadhalika, 10 ni za kujaza mapengo katika kifungu, na 30 zilizosalia ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza. Hiyo ni nusu ya karatasi. Lakini kwa muda wote wa saa mbili mtahiniwa hasikilizi kitu wala hafungui kinywa. Anaandika tu.

Hupewa shairi fupi, ataje maneno yenye vina na aeleze angeughani vipi mshororo wa mwisho mbele ya hadhira. Hutakiwa kuandika neno lenye matamshi sawa na neno jingine, kuonyesha herufi isiyotamkwa, au kusema kama sauti inapanda au inashuka mwishoni mwa swali. Hujaza upande mmoja wa mazungumzo ya simu. Hueleza atakavyojiandaa kwa mdahalo au mahojiano ya kazi. Maswali yenyewe si mabaya. Watunzi wake wanajua lugha na wamejitahidi kuuleta mdomo kwenye karatasi. Taabu ni kwamba karatasi haina sauti, na mwanafunzi mwerevu huligundua hilo mapema sana.

Ndiyo maana kuna vijitabu na nakala zinazosambazwa kwa simu zenye majibu yaliyopikwa tayari. Mshororo ukiwa wa huzuni, andika kwamba ungekunja uso na kushusha sauti. Ukiwa wa furaha, ungetabasamu na kuinua mikono. Nimefundisha wanafunzi wanaoandika jibu hilo bila kosa hata moja na kupata alama zote, lakini ukimwambia mmoja wao, haya simama ulighani shairi hilo, anabaki kukutazama. Hajawahi kulisoma kwa sauti. Hakuna anayempima mpishi wa biriani kwa kumuuliza majina ya viungo, ila Kiingereza tumekubali kukipima hivyo, mwaka baada ya mwaka.

Niruhusu nieleze kwa mfano mmoja kwa nini sikio lisilofunzwa humponza mtahiniwa hata kwenye karatasi yenyewe. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu katika kila neno. Mtoto wa hapa aliyelelewa kwa Kigiriama na Kiswahili huibeba desturi hiyo hadi kwenye Kiingereza bila kujua. Neno “category” mkazo wake uko mwanzoni kabisa. Yeye anauweka kwenye “go”. Neno “photographer” mkazo wake uko kwenye silabi ya pili. Yeye anausogeza mbele hadi ya tatu. Mwambie apigie mstari silabi yenye mkazo naye atabahatisha, kwa sababu maneno hayo ameyasikia kwa wenzake na kwa walimu waliokulia katika desturi ileile. Kanuni ya kitabuni haimsaidii. Kinachomsaidia ni kulisikia neno mara nyingi, ndani ya sentensi, kutoka kwa zaidi ya mtu mmoja.

Watoto haohao wa Pwani wana neema ambayo hawaambiwi. Sauti inayoanza neno “think” wanaijua tangu utotoni katika “thamani”, na ile ya “this” wanayo katika “dhahabu”. Wako wanafunzi wa sehemu nyingine za nchi wanaohangaika na sauti hizo hadi Kidato cha Nne. Ningependa kila mwalimu wa Kiingereza wa ukanda huu awaambie wanafunzi wake hivyo siku ya kwanza darasani, kwa sababu wameambiwa mno kwamba lugha zao zinawaharibia Kiingereza. Bado ziko shule zinazozungusha kipande cha ubao, kikamwangukia anayepatikana akizungumza lugha ya nyumbani, na jioni kila aliyekishika anaadhibiwa. Mimi napinga jambo hilo kwa moyo wangu wote. Mtoto anayeogopa kile kipande haanzi kuzungumza Kiingereza. Ananyamaza. Na darasa lililonyamaza haliwezi kufundishwa kusikiliza, maana hakuna wa kumsikiliza.

Darasani kwangu kipindi cha kwanza cha juma kalamu hukaa chini. Nasoma kifungu cha dakika mbili hivi: taarifa ya habari, maelezo ya njia ya kufika hospitalini, watu wawili wakibishania bei. Mara ya kwanza wanasikiliza tu. Mara ya pili wanaandika mambo makuu. Halafu ndipo naandika maswali ubaoni, na siulizi maneno yaliyotajwa. Nauliza msemaji alitaka nini, alibadili nia yake wapi, kwa nini alisita kabla ya kujibu. Siku nyingine huwafungulia rekodi ya msomaji mwingine kwenye simu iliyounganishwa na spika ndogo, kwa kuwa wakisikia sauti yangu peke yake watanizoea mimi badala ya kuizoea lugha. Majuma ya mwanzo hulalamika kwamba msomaji anakimbia. Hakimbii. Sikio lao linashika neno moja gumu na kubaki nalo, na sentensi nzima inapita. Baada ya muda huacha kuling'ang'ania lile neno, huifuata sentensi hadi mwisho, na mara nyingi maana ya neno hujitokeza yenyewe.

Hapo ndipo faida inapohamia kwenye kusoma. Karatasi ya Pili ina alama 80 kwa saa mbili na nusu: ufahamu 20, dondoo kutoka kitabu teule 25, shairi au fasihi simulizi 20, na sarufi 15. Mwanafunzi anayesoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, humaliza muda kabla ya kufika kwenye sarufi. Aliyezoea kusikia sentensi nzima husoma sentensi nzima. Hata lile swali la kila mara la kuongeza kiulizo kifupi mwishoni mwa sentensi, sikio humjibia kabla hajaikumbuka kanuni.

Nao walimu wengi huwashauri watahiniwa waanze na maswali kabla ya kifungu. Mimi siafiki. Anayeanza na maswali huingia kwenye kifungu akiwinda maneno yaliyomo swalini, akiyapata ananakili mstari mzima na kuuita jibu. Ikiwa swali limesema ajibu kwa maneno yake mwenyewe, amekwisha poteza alama. Nawaambia wangu wakisome kifungu chote kwanza, wajiulize mwandishi anataka kusema nini, ndipo wayaendee maswali. Swali likitaka hoja kwa vidokezo (note form), waandike vifungu vifupi vya maneno. Anayeandika sentensi kamili au aya hukatwa alama japo hoja zake zote ni sahihi. Na likiweka kikomo cha maneno, wahesabu. Hayo ni mambo madogo, lakini mwanafunzi anayeyakosa matatu au manne huiona gredi yake ikishuka.

Sasa niseme na Baraza la Mitihani, KNEC. Hoja ninayoisikia kila ninapolitaja jambo hili ni kwamba mtihani wa kusikiliza ni mgumu kuendesha. Lakini baraza hilohilo huuendesha tayari. Mtahiniwa wa Kifaransa au Kijerumani katika KCSE hutahiniwa kusikiliza. Mtahiniwa wa Muziki hufanya karatasi nzima kwa masikio, kinanda kikisikika na yeye akiandika alichosikia. Vifaa vipo, utaratibu upo, wasimamizi wanaujua. Lugha inayofanywa na kila mtahiniwa nchini, ambayo ndani yake anasomea Hisabati, Biolojia na Historia, ndiyo inayosikilizwa kwa kalamu.

Watasema masomo hayo yana watahiniwa wachache na Kiingereza kina zaidi ya 900,000. Basi tutazame Korea Kusini. Kila Novemba vijana wapatao nusu milioni hufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, na katika karatasi ya Kiingereza maswali 17 kati ya 45 ni ya kusikiliza. Nchi nzima husikia rekodi ileile wakati uleule, na ndege huzuiwa kuruka na kutua kwa zaidi ya nusu saa ili kelele zisiwaingilie. Sidai ndege zisimame katika uwanja wa Moi, Mombasa. Nasema kwamba taifa likiamua kuwa masikio ya watoto wake yana thamani, idadi haiwi kizuizi.

Hasara ya kutoamua tumeiona. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wetu kufanya kazi huko. Mwaka uliofuata Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza kwamba kati ya wahudumu 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 pekee waliofaulu. Hao ni watu waliopita KCSE, wakasomea uuguzi kwa Kiingereza na kuwahudumia wagonjwa. Mtihani wa kimataifa kama IELTS una sehemu nne, na mojawapo ni kusikiliza: takriban nusu saa, maswali 40, na rekodi husikika mara moja tu. Mtu ambaye hajawahi kutahiniwa hivyo tangu azaliwe anaanzia wapi?

Jambo moja lazima lipangwe mapema, nalo ni watahiniwa viziwi. Mtihani wa kusikiliza hauwezi kuwekwa kisha wao wakafikiriwa baadaye. KNEC huandaa karatasi maalumu kwa wenye mahitaji maalumu, na Lugha ya Ishara ya Kenya tayari ni somo linalotahiniwa. Kwa hiyo njia ipo, mradi wanaohusika waitwe mezani tangu mwanzo na si baada ya karatasi kuchapishwa. Vivyo hivyo shule zisizo na umeme wa uhakika. Spika ya kuchaji si kitu cha bei kubwa kwa shule iliyojengewa maabara.

Nimeandika sasa kwa sababu mlango uko wazi. KCSE ya mfumo wa 8-4-4 imebaki mwaka huu na 2027, na sioni ikibadilishwa ikiwa ukingoni. Lakini katika madarasa yetu leo, kando ya Kidato cha Tatu na cha Nne, wameketi wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 ya mtaala mpya wa umilisi. Kiingereza kwao ni lazima, na watafanya mtihani wao wa mwisho 2028. Mtaala wao unasema kusikiliza na kuzungumza ni stadi ya msingi. Kama mtihani wa 2028 utakuja tena na karatasi na kalamu pekee, walimu watafundisha kinachotahiniwa na stadi hiyo itabaki kwenye kitabu cha mwongozo. Naiomba KNEC pamoja na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, itangaze mapema kama kutakuwa na rekodi ya kusikiliza, ina alama ngapi na inafananaje, ili tuanze nayo sasa wakiwa bado Gredi ya 10.

Kwa watahiniwa wa Novemba hii, wazazi wanaweza kusaidia bila kutumia pesa nyingi. Mtoto asome kwa sauti nyumbani, hata kama mzazi haelewi Kiingereza. Mzazi atajua tu pale anapokwama na anapoteleza. Wakati wa taarifa ya habari kwa Kiingereza redioni, mtoto asikilize hadi mwisho, kisha amweleze mama au bibi kwa Kiswahili au Kigiriama yaliyosemwa. Aliyeelewa ataeleza. Nimewapa wanafunzi wangu kazi hiyo ya jioni, na wazazi kadhaa wamenipigia kuniambia kwamba sasa nao wanasubiri kusimuliwa.

Pia naziomba stesheni za redio za Mombasa, Kilifi na Kwale zitenge nusu saa jioni, kuanzia Septemba hadi mtihani uanze, za kuwasomea watahiniwa vifungu vya Kiingereza na maswali yake, kama vile KBC, shirika la utangazaji la taifa, ilivyopeleka masomo hewani shule zilipofungwa 2020. Nimezungumza na walimu wenzangu wa Kaloleni na Mariakani, na tuko tayari kuja kusoma bila malipo. Stesheni itakayokubali iandike katika ukurasa huu huu nasi tutaiona.

Mwalimu wa Kiingereza,
Kaloleni, Kilifi