Mwanangu, ile chupa ya kijani sikupi

Mwangaluka baba. Natumaini huko Geita mmeamka salama, sisi hapa Kirumba tupo, mama yako presha imeshuka kidogo tangu abadilishiwe vidonge. Nakuandikia usiku huu maana nimepiga simu mara tatu hupokei, na voisi sitaki kutuma, voisi unaisikiliza huku unahudumia mteja alafu unanijibu "sawa mzee" na mambo yameisha. Hii isome umekaa chini.

Nimeiona stetasi yako. Dada yako ndiye alinionyesha, mimi nikadhani umeweka picha ya mtoto, kumbe chupa ya Brut, yale marashi ya kupaka baada ya kunyoa, na umeandika "Brut ya enzi za wazee, orijino, mzigo unaingia wiki ijayo, weka oda". Na asubuhi yake ulikuwa umemtuma huyo huyo dada yako aje aniombe chupa yangu iliyoko sandukuni. Nikaanza kuunganisha. Baba yako mkubwa wa Igoma naye umemwomba ya kwake, na juzi fundi cherehani wa pale Mabatini ananiambia kijana wako anazunguka ananunua chupa tupu za marashi ya zamani, elfu tatu tatu. Mwanangu, nakuuliza swali moja na nitaliuliza mpaka unijibu: ndani ya hizo chupa unaweka nini?

Siandiki kukuvunja moyo. Biashara yako ya pafyumu naiheshimu na watu nawaambia. Ulianza na meza moja na vichupa kumi na viwili, leo una fremu yenye taa za ndani, na ada ya mdogo wako muhula huu umelipa wewe, mimi sikuulizwa hata mia. Na pua unayo, hilo umezaliwa nalo, mtu anapita tu njiani unasema huyu kajipulizia kitu fulani na unapatia. Sasa hapo ndipo hofu yangu ilipo, maana naona umeanza kuamini kwamba pua inajua kila kitu.

Ulipokuja Pasaka ulisahau dumu la lita ishirini stoo, nyuma ya magunia ya dagaa. Halina lebo. Mama yako alidhani mafuta ya taa, kidogo tu atie kwenye jiko. Nimelifungua likanipanda puani mpaka machozi. Ulinunua kwa nani? Risiti iko wapi? Maana wewe unajua kuliko mimi, ethanoli ndiyo ya pafyumu, na kuna methanoli, na zote ni maji meupe, zote zinawaka, zote zinakauka mkononi fasta, na hiyo ya pili ni sumu, inapita kwenye ngozi, inapita kwenye pumzi, na inapofua macho. Mteja akishika kichupa hawezi kuzitofautisha. Na wewe na pua yako hiyo huwezi. Anayejua ni yule aliyekujazia dumu, na huyo siku ya kilio hayupo dukani kwako.

Alafu hilo neno orijino. Ujue unasema nini ukiliandika. Brut ilitoka 1964, kampuni ya Fabergé kule Marekani, chupa ya kioo cha kijani na shingoni kinyororo chenye medali ya rangi ya fedha, kama bwana aliyepewa nishani. Ukifungua kinachokuja kwanza ni lavenda na kitu kama shamari unayotafuna, kikikaa kidogo shavuni unakuja utamu wa kufanana na vanila, na chini kabisa kuna harufu ya unyevu wa msituni, hiyo inatoka kwenye ukungu unaoota kwenye miti ya mialoni huko Ulaya. Wafaransa ukoo huo wa manukato wanauita fougère, umeanza na Fougère Royale ya Houbigant mwaka 1882, na hiyo Drakkar Noir ya 1982 ambayo unasema ndiyo inakulipia kodi ya fremu ni mtoto wa ukoo huo huo. Haya umenifundisha wewe mwenyewe Krismasi ile tulipokaa barazani, ndio maana nashangaa. Ulinieleza pia kwamba ule ukungu wa mialoni saivi umewekewa kipimo kwa sababu unawasha ngozi za baadhi ya watu, kwaiyo manukato mengi ya zamani yamebadilishwa, hata Brut ya kiwandani ukiifungua leo siyo ile ya 1980. Basi ikiwa wenye kiwanda hawaitoi tena, wewe Kariakoo unaenda kuitoa wapi?

Na kuna kitu kingine wenzio hao wa Fabergé walifanya. Walipotaka kuuza ya bei rahisi, manukato wakayapunguza mpaka theluthi, wakaiita Brut 33. Namba wakaiandika mbele ya chupa. Walizimua lakini walisema.

Hadithi za suruali za bugaluu na viatu vya raizoni nishawachosha nazo siendi huko. Ila nataka ujue kwa nini hao wazee wanakutumia oda usiku wa manane. Miaka ile, baada ya vita vya Kagera, sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni. Mpaka na Kenya ulifungwa 1977 ukaja kufunguliwa 1983, kwaiyo kitu chochote cha Kisumu kilikuja na mtumbwi, usiku. Mwanaume akipita Mlango Mmoja ananukia Brut watu wanageuka, wanajua huyu ana mtu wake majini. Kulikuwa na picha kwenye gazeti kuukuu la Kizungu niliibandika kibandani nilikokuwa nanyolea watu, Henry Cooper, yule bondia wa Uingereza aliyemwangusha Muhammad Ali chini mwaka 1963 hata kabla hajaitwa Ali, yeye ndiye alikuwa kwenye matangazo ya Brut, na vijana walikuwa wanakaa kwenye kiti changu wanamwangalia. Nanyoa, nafuta povu, namimina viganjani matone matano sita, napiga mashavuni mara moja kulia mara moja kushoto. Mtu anafumba macho, anavuta hewa kwa meno, ssss, alafu anafumbua anajiona kwenye kioo na anatabasamu. Kunyoa wangenyoana hata nyumbani. Walikuwa wanalipia kile kitabasamu.

Zile chupa nilizozitupa ziwani mwaka 83 unazijua, mmezicheka sana hapa sebuleni, baba na chupa zake, anaogopa msako wa wahujumu uchumi. Kweli niliogopa, Waziri Mkuu Sokoine hakuwa na utani na kila usiku watu walikuwa wanatupa vitu. Lakini niliwapa nusu ya hadithi.

Chupa zote nilizokuwa nazo zilikuwa kumi na moja. Yenye Brut ya kweli ilikuwa moja.

Zile kumi nilinunua tupu kwa mabaharia, na kila siku nilikuwa nasema mwenye kibanda ndiye aliyenituma. Hakunituma. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilitaka hela ya mahari. Ndani nilitia spiriti ya kuwashia karabai, lavenda ya dukani ile ya kupaka watoto, na vijiko viwili vya Brut ili ukifungua ikudanganye. Spiriti ile ilikuwa ya zambarau. Kioo cha kijani kinaificha, ukiinyanyua kwenye mwanga unaona weusi tu kama chai iliyokolea. Nilijaribu mwenyewe nyuma ya mkono, ikawasha kidogo, nikasema hata ile ya kweli inawasha.

Kuna mwalimu mmoja nilimnyoa Ijumaa jioni, harusi yake Jumamosi. Alinipa hela ya aftasheve akaondoka na chupa nzima, asubuhi akajipaka tena mwenyewe. Picha ya harusi niliiona baada ya mwezi. Amegeuza uso pembeni, watu wanadhani anamwangalia bibi harusi. Alirudi kunyoa, akakaa, nilipomaliza nikashika chupa, akaniwekea mkono kwenye kifundo cha mkono akasema taratibu, "safari hii usinipake". Basi. Nimemnyoa miaka sita baada ya pale, na kila mara neno ni hilo hilo, na lile doa la shavu la kushoto nilikuwa nalipita na wembe. Sikuwahi kumuuliza na yeye hakuwahi kusema.

Mama yako haijui hii. Dada yako pia.

Kwaiyo nikikuuliza unaweka nini ndani ya chupa usinione mzee mnoko anayeingilia biashara za vijana. Najua utasema mbona na wewe mzee chupa za mafuta ya nywele ulikuwa unajaza pale kibandani na mimi mdogo nimekushikia faneli. Ulinishikia. Nililikumbuka hilo nilipoiona stetasi na nikakosa usingizi.

Na fikiria wateja wenyewe. Pafyumu za kupima anakuja kijana wa miaka ishirini na mbili ngozi kama ngoma. Hii Brut atanunua nani? Baba yako mkubwa, miaka sabini na moja, ngozi imekuwa nyembamba mpaka mishipa unaihesabu, akijikata kidogo damu inachukua muda kuganda. Nilimwonyesha ile picha yako kwenye simu akaishika akanyamaza muda mrefu sana, akasema alikuwa nayo siku anashuka meli ya MV Victoria akitoka Bukoba kuposa. Huyo atajimwagia kiganja kizima mwanangu, na ataanzia usoni, kwa sababu ndivyo tulivyofundishana.

Alhamisi ukisafiri kwenda Dar kuchukua mzigo, nenda kwa mtu mwenye karatasi. Dumu liwe na lebo, jina la kitu, jina la muuzaji, risiti, na ulizia mambo ya TBS, wale wa viwango, maana vipodozi saivi viko chini yao, usingoje wakukute. Bei itapanda, ipande. Na kama unataka kutengeneza harufu ya kufanana na ile ya zamani tengeneza, tena utaipatia kuliko mtu yeyote Kanda ya Ziwa, lakini weka kwenye kichupa chako cheupe, andika jina lako, andika ni mchanganyiko wa dukani kwako. Wazee watanunua. Mimi nitanunua wa kwanza, na nitalipa. Ile stetasi ifute leo, usingoje Alhamisi. Waliokwisha kutuma hela warudishie, kama umeshazitumia niambie ni shilingi ngapi nitauza yule mbuzi dume.

Chupa yangu nimeitoa sandukuni kuiangalia kabla ya kuandika haya. Kinyororo bado kipo, medali imeliwa na kutu pembeni, mbele pameparara kwa kidole gumba changu. Chini kuna mstari wa kahawia, mwembamba, umekauka. Nimeinusa, bado ipo kwa mbali, ule utamu wa mwisho mwisho. Ni ile moja ya kweli. Haitajazwa kitu, nimeirudisha na ufunguo anao mama yako, usimsumbue dada yako tena.

Mengine. Bati la juu ya stoo linavuja upande wa gunia, fundi kasema zinatakiwa sita, za geji 28, usiniletee zile laini. Bili ya maji ya mwezi huu nimelipa. Dagaa zimepanda kwa sababu ya mbalamwezi, wavuvi hawatoki, kwaiyo mama yako amepumzika biashara wiki hii na kukaa bure kunamchosha kuliko kazi, mpigie, siyo mimi, yeye. Mara ya mwisho umeongea naye ni lini? Zamani mlikuwa mnasema foleni ya kivuko Busisi, saivi daraja lipo, kilomita tatu, unavuka hata chai haijapoa.

Dumu lako nimelitoa stoo nimeliweka chini ya mwembe, kivulini, mbali na jiko, na nimelifunikia karai watoto wasilichezee. Silimwagi, maana sijui likimwagwa hapa linaingia kwenye kisima cha nani. Njoo ulichukue wewe mwenyewe ulirudishe kwa aliyekuuzia. Basi la Dar linaondoka saa ngapi hiyo Alhamisi? Lala hapa Jumatano, mama yako atakupikia sato.

Ni mimi baba yako.