Mlango wa gereji haubebwi na mota

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka 14 bila kukuandikia hata mstari. Mlipokosea ratiba ya ligi nilinyamaza. Mlipomtangazia kifo mtu aliye hai nilinyamaza pia, maana niliona mwenyewe ataandika. Lakini ile makala yenu ya mwezi uliopita kuhusu milango ya gereji za Marekani imenishinda.

Kwanza mngewafafanulia wasomaji wa nyumbani kwamba gereji hapa ni chumba cha kulaza gari. Nusu yao wamesoma makala nzima wakiwaza mafundi, oili na matairi. Lakini hilo dogo. Mwandishi wenu anawaita wale waliozunguka na milango miaka ya 1920 "machinga wa vyuma", halafu anadai mlango wa kupanda juu haukuwa na maana mpaka ilipokuja mota. Nimeifunga milango hiyo miaka 19 hapa Indiana, na vidole vyangu viwili havikunjiki sawasawa kwa sababu yake. Amekosea yote mawili.

Angejiuliza kwanza kabla ya hapo watu walikuwa na nini. Gari la kwanza liliingizwa banda la farasi, na banda lilikuwa na mlango wa mbao wa pande mbili, wa bawaba, unaofunguka kwa nje. Theluji ikishuka usiku, hufungui mpaka uchimbe kwa koleo. Upepo ukivuma, upande mmoja unarudi na kulipiga gari ubavuni. Ndiyo maana kampuni ya Stanley ya New Britain, Connecticut, iliuza bawaba nzito pamoja na vyuma vya kuuzuia mlango usirudi. Wengine walitundika mlango kwenye reli kama wa ghala, usogee pembeni, lakini huko pembeni lazima kuwe na ukuta mrefu wa kuupokea. Kampuni ya Richards-Wilcox ya Aurora, Illinois, ikatoa vyuma ilivyoviita Slidetite, mlango unajikunja na kuteleza kuingia ndani. Vitu vya namna hiyo mtu anavielewa akiviona kwenye picha. Kampuni ya maduka ya Sears ilikuwa ikiuza hata gereji nzima kwa katalogi, kitabu cha picha za bidhaa ambazo mtu anaagiza kwa barua. Bawaba haihitaji mtu wa kuihubiri.

Mlango unaobebwa na springi ndio unaohitaji. Mwaka 1921 C. G. Johnson alitengeneza mlango uliokatwa vipande vya kulala, vikaunganishwa kwa bawaba, unapanda kwenye reli mbili mpaka unalala chini ya dari. Hebu mweleze mtu kwa mdomo mtupu kwamba ukuta mzima wa mbao utapaa juu ya gari lake wala usimwangukie. Atakufukuza. Basi Johnson akafunga mfano mdogo wa mlango nyuma ya gari lake, Ford Model T, akazunguka nao Marekani akitafuta mawakala. Mawakala, Mhariri! Machinga anakuuzia soksi na jioni yuko mtaa mwingine. Huyu alikuwa anatafuta mtu wa mji uleule, ambaye mlango ukigoma unajua pa kumpata. Kiwanda kilikuwa Hartford City, mji mdogo ambao kutoka kwangu Indianapolis ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Mota ya kufungulia ilikuja 1926. Miaka mitano mlango ulipanda kwa mkono wa mtu, na ulipanda vizuri.

Unapanda kwa sababu karibu uzito wote umebebwa na springi. Mlango wa magari mawili unaweza kupita kilo 70, na mota yake ina nusu tu ya nguvu ya farasi mmoja. Yenyewe inausindikiza. Asiyeamini avute ile kamba nyekundu inayotenganisha mlango na mota, auinue mpaka kiunoni, auachie. Ukitulia hapo, springi ni nzima. Ukianguka, aondoe mguu.

Sasa nikueleze kilichonipata. Januari iliyopita, asubuhi ya baridi kali, springi ya mlango wangu mwenyewe ilikatika. Mlio wake ni wa bunduki. Mke wangu alikuwa chini ya meza kabla sijageuka. Mimi nilikuwa nimetoka kufanyiwa upasuaji wa bega, mkono umefungwa kifuani, siwezi kushika nondo za kukazia. Mke wangu akapigia kampuni moja, sitaitaja. Akaja kijana, shati limepigwa pasi, kishikwambi mkononi, viatu havijawahi kukanyaga grisi. Aliponikuta jikoni nimejifunika kanga nakunywa chai ya tangawizi, akaniona mzee wa kupumzishwa. Juu hakutazama kabisa. Alibonyeza kitufe mara mbili, mota ikaguna, akamwambia mke wangu kuwa mota imekufa na mlango wenyewe umechoka, vyote vibadilishwe kwa dola 2,400, ila akisaini siku hiyohiyo atampa kwa 1,950. Nikamwita. Nikamwomba asimame chini ya mlango, atazame juu, aniambie kile chuma kilichojisokota, chenye pengo la vidole vinne katikati, ni nini. Akajibu kwamba ni sehemu ya mota. Mhariri, nilicheka mpaka bega likauma. Nikamuuliza springi ya kawaida hupigiwa hesabu ya kupanda na kushuka mara ngapi. Hajui. Ni mara 10,000. Ukifungua mara nne kwa siku, ni kama miaka saba. Yangu ilikuwa na minane, ilikufa kwa uzee wake. Nikamuuliza na huo mlango mpya atakuja kuufunga nani. Hajui, hiyo ni idara nyingine! Akaacha kadi mezani akaondoka. Springi ilikuja kubadilishwa na kijana mmoja niliyemfundisha kazi, na alimaliza kabla kikombe changu cha pili hakijapoa.

Wala si Marekani peke yake. Shemeji yangu wa Kimara, Dar es Salaam, aliuziwa geti la umeme. Umeme ulipokatika alfajiri, watoto waliruka ukuta na sare za shule, mmoja akachana kaptula, na gari likabaki ndani hadi saa nane mchana. Muuzaji alipopigiwa simu alisema wasubiri umeme urudi. Ufunguo wa kuliachia geti lisogezwe kwa mkono ulikuwa umo ndani ya boksi lililoletwa na mota, kwenye mfuko wa nailoni ambao haujafunguliwa. Na kila mtaa mpya sasa ni mageti hayohayo!

Pendekezo langu ni hili. Itungwe sheria, huku na huko, kwamba anayeuza mlango au geti atembee na mfano wake mgongoni, upana sentimita 60, wenye springi ya kweli, na aupandishe kwa kidole kimoja mbele ya mama mwenye nyumba, swichi kubwa ikiwa imezimwa. Akishindwa, aende akauze soksi.

Na mwandishi wenu namkaribisha kwangu. Kamba nyekundu ipo, ataivuta mwenyewe. Aje na viatu vya kufunga.

Fundi mstaafu,
Indianapolis