Mwanangu, vidonge vya presha huviachi kwa sababu ya mbio

Mwanangu Khamis, asalaam alaykum. Audio zangu najua huzisikilizi mpaka mwisho, ndo maana leo nimekaa naandika kwa kidole kimoja mpaka mkono unaniuma, kwa hiyo soma yote usiruke. Sie huku wazima alhamdulillah, karafuu zimeanza kidogo kidogo na mvua nayo haitaki kutuachia tukaanika kwa raha.

Dadaako kaniambia mambo mawili kwa pamoja. La kwanza umejiandikisha ile marathoni ya Dodoma ya mwezi wa saba, kilomita 42, si 10 wala 21. La pili umeacha vidonge vya presha. Hilo la kwanza nimelifurahia, nikatoka hapo hapo kwenda kumwambia Bi Raya. Hili la pili usingizi sina. Ati umesema mtu anayeweza kukimbia kilomita 30 anakuwaje na presha. Anakuwa nayo baba, anakuwa nayo vizuri tu na haimuumi popote. Nani kakwambia uache, daktari au wale wenzako wa jogging?

Mbio zenyewe sizikatai. Ulipozianza baada ya yale mambo yako na mkeo, siyarudii unayajua, huku watu waliniuliza kijana wako anamkimbia nani pale uwanja wa Maisara kila alfajiri, na mie sikuwa na jawabu, na nilosema siku zile dadaako bila shaka keshakufikishia, basi yaishe. Nilichokiona kwa macho yangu ulipokuja Idd ni kuwa unakula, unalala, unacheka na watoto. Nikasema kumbe haya mambo yana kitu ndani yake.

Na sasa hivi mie mwenyewe nimo, usicheke. Bi Raya aliambiwa kliniki ya sukari afanye mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki, akaona aibu kutoka peke yake, akatupitia mlango kwa mlango. Tukishaswali alfajiri tunatoka, tunashuka mpaka bandarini, halafu ule mlima wa kurudi Wete unaujua ulivyo, hapo ndo kila mmoja anamkumbuka Mola wake. Mwanzo tulikuwa tunatembea, saa hizi pale pa tambarare tunakimbia kidogo, kukimbia kwenyewe ni kule kwa kuweza kusema, ukishindwa kuzungumza basi umezidisha, punguza. Viatu vyangu ni vya mtumba, vikubwa, nimetia kitambaa mbele, na buibui nalikunja mkononi. Vijana wa bodaboda wanatupigia honi. Bi Siti anawajibu, mdomo wake unaujua.

Sasa nkwambie nilichokiona kwa wanawake wale. Bi Raya alikuja kwa sukari. Bi Siti alikuja kwa magoti, kaambiwa apunguze uzito. Bi Mchanga hana maradhi, alikuja kwa sababu mumewe kafariki na nyumba imekuwa kimya. Lakini ukiwauliza leo kwa nini wanaendelea, sukari hawaitaji, magoti hawayataji. Watakwambia kuna stori, kuna kuulizwa hukuja jana una nini, kuna usingizi unaokuja wenyewe. Bi Siti uzito haukupungua hata kidogo, akitoka pale anakula mkate wa kumimina mzima, na hajakosa asubuhi hata moja. Wale walosema wanataka wapungue haraka ndo walotangulia kutoweka. Nadhani na wewe ndivyo ulivyo, ulianza kwa hasira na hasira zilishakwisha zamani, unaendelea kwa sababu ukikosa siku mwili unakudai na wale wa Maisara wanakuuliza. Hiyo ni kheri. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha, hakuna wa kukulaumu.

Ila vidonge, Khamis.

Nimemuuliza nesi wa hapa, si kwamba nimeokota maneno barabarani. Kanambia moyo ni nyama, ukiufanyisha kazi unapata nguvu, unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, ndo maana mtu wa mazoezi akikaa mapigo yake machache, na mishipa nayo inalegea, na presha inashuka kweli. Nikamuuliza inashuka kiasi gani. Kasema kwa wenye presha ile namba ya juu inashuka kama 5 mpaka 8 hivi. Sasa wewe uliandikiwa vidonge ukiwa na 170, toa hiyo 8 uniambie umebaki na ngapi na mstari wa presha ni 140 kwa 90. Mwenye shahada ni wewe.

Unasema ulipima ukakuta 128. Ulipima ukiwa unakunywa dawa baba! Hiyo 128 ni ya dawa na mbio kwa pamoja, wewe umezipa sifa mbio peke yake. Inawezekana daktari akikuona akakupunguzia, nesi kasema wapo wanaopunguziwa, lakini apunguze yeye, akupime tena na tena, si wewe kuamka asubuhi ukaamua. Babaako naye alijiona mzima, akaacha, na katika nyumba hii hapana aliyemuuliza. Kiharusi hakikupiga hodi.

Ukienda muulize na kidonge chako ni cha aina gani, maana vipo vya kukojoza, na mtu anayekojoa sana halafu akakimbia kwa muda wa saa nne tano juani maji na chumvi vinamwishia, akatapika, akaanguka, watu wakasema njaa. Labda hicho ndo kilichokuchosha ukaona bora uache. Kama ndo hivyo kuna aina nyingine, atakubadilishia. Na kile kitu chengine, dadaako kasema mkoba wako umejaa diklofenaki, unameza kabla ya mbio ndefu ili miguu isiume. Hizo zinapandisha presha na zinaumiza figo, hasa ukiwa umekauka maji. Yaani umeacha kinachoshusha ukashika kinachopandisha! Mguu ukiuma pumzika, au punguza hizo kilomita, mtu haongezi mwendo kila wiki kama anakimbizwa.

Najua utanijibu kwa yule mzee Akhwari. Kila mtu wa mbio nchi hii anamtaja yeye, marathoni ya Olimpiki Mexico 1968, kaanguka goti likateguka, kafungwa bendeji akaendelea mpaka mwisho, mshindi alishafika zaidi ya saa nzima. Mungu amlipe. Lakini Akhwari alitumwa na nchi, wewe umelipa kiingilio kwa pesa yako. Ukisikia kifua kinabana, kichwa kinazunguka, macho yanatia giza, unakaa chini pembezoni mwa barabara, hata kama imebaki kilomita moja, hata kama wanakupiga picha. Hakuna atakayekuuliza Zanzibar.

Huyu mwanao anajua habari zote za mbio, kanionesha kwenye simu yule Simbu wetu wa Tanzania alivyoshinda marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo mwaka 2025, saa 2 dakika 9 sekunde 48, na Mjerumani kafika na muda ule ule mpaka ikabidi waangalie picha, tofauti sekunde 0.03. Kilomita 42 zote zile halafu mtu anakushinda kwa kifua. Mtoto kaniuliza baba naye atashinda? Nimemwambia babaako anakwenda kumaliza, kwa saa 5 akipenda. Anawahadithia skuli nzima kuwa babaake anakwenda Dodoma kukimbia, mpaka mwalimu kanisimamisha njiani kuniuliza. Nilijibu kwa maringo, sikufichi.

Basi fanya hivi, kabla hujapanda boti ya Dar nenda ukapime, umwambie daktari wazi kuwa uliacha na uliacha lini, usimdanganye kwa aibu. Halafu unipigie picha kile kikaratasi unitumie, namba zionekane. Nikiona nitanyamaza. Nisipoiona nitampigia bosi wako na unajua siogopi.

Mambo ya hapa. Pesa ya umeme wa Tukuza imefika, ahsante, unit zimekwisha mbio kwa sababu ya lile friji la dadaako, nimelizima. Bati la jikoni linavuja pale pale, fundi kaja kaangalia kaondoka na ngazi yetu. Karafuu za mwanzo tumechambua wenyewe, makonyo, vile vijiti vyake, tumeyaweka upande, nikipata siku tatu za jua la maana zitakauka tupeleke tukauze ZSTC, lile shirika la serikali, ukiwa na nafasi mwisho wa mwezi njoo, wachumaji wamepandisha bei na mie siwezi kusimama chini ya mikarafuu kutwa. Jumamosi natuma pweza mkavu na boti, nenda bandarini ukapokee mwenyewe, usimtume yule rafiki yako, safari ile kifurushi kilifika nusu.

Mamaako